Mushipa wa damu ndani ya silikone: unafundisha nini juu ya SS?

Hapa Lubumbashi, familia yenye kuwa na mutoto wa drepanositozi, ugonjwa wenye wengi wanaita SS, inajua namna krizi inaanza: mifupa inauma, kisha ni mbio kwenda hospitali. Lakini mambo yenye kutokea ndani ya mishipa hayaonekani. Ndiyo sababu watafiti wanatengeneza mishipa ya bandia.

Namna gani? Wanamwanga silikone yenye kupitisha mwangaza juu ya kalibu, inakamata, wanaitoa na kuibandika juu ya kioo. Kunabaki mifereji midogo, mingine myembamba kuliko unywele. Pompe inasukuma damu humo, nao wanaangalia kwa mikroskopi.

Kazi kubwa ni kupata nguvu ya kweli. Damu ikipita, inasugua ukuta wa mushipa. Katika arteri, mishipa yenye kutoka kwenye moyo, nguvu hiyo ni karibu paskali 1 mpaka 7. Katika mishipa yenye kurudisha damu, iko chini ya 1. Ukipunguza kwa nusu kimo cha mufereji mupana, na pompe ikisukuma damu kiasi kilekile, nguvu inaongezeka mara 4.

Kwa mutoto wa SS, hiyo haiko hesabu tu. Arteri za kichwa zinaweza kuziba pole pole. Pale penye kubana, damu inapita mbio, sawa maji katika mupira wenye kufinywa, na mutoto anaweza kupooza. Doppler ya kichwa ikionyesha sentimetre 200 kwa sekunde ao zaidi, hatari ni kubwa.

Katika mwaka wa 2007, John Higgins na wenzake huko Marekani walipunguza oksijeni katika mifereji ya namna hiyo: damu ya SS ikasimama. Walipoirudisha, ikapita tena. Kwa njia hiyo, dawa inaweza kujaribiwa katika tone la damu mbele ya kumupa mutu.

Kifaa hicho hakiponyeshe. Lakini dawa ya idroksiurea iko: utafiti REACH, wenye matokeo yake yalitoka mwaka wa 2019, uliifuata kwa watoto karibu 600 katika Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale. Krizi, malaria na vifo vilipunguka. Muulize muganga wa mutoto wako.

Na mutoto akilegea upande mumoja, kinywa kikipinda ao akishindwa kusema, usingoje asubui: hospitali saa ileile.