Moshi Uliokaa Juu ya London

Sisi tuliozoea moshi wa jikoni twauhesabu kuwa udhia wa macho tu. Watu wa London nao waliuzoea wao.

Tarehe 5 Desemba 1952 baridi ilikuwa kali, watu wakazidisha makaa ya mawe mekoni. Upepo ukakoma. Hewa ya joto, ambayo desturi yake ni kupanda na kuuchukua moshi, safari hii ilitanda juu ya ile ya baridi kama kifuniko juu ya chungu. Moshi ukakosa njia siku tano, hata makondakta wakatembea kwa miguu mbele ya mabasi, taa mkononi.

Watu hawakushtuka, maana ukungu ni jambo la kwao. Waliotambua mapema ni watengeneza majeneza. Serikali ilihesabu vifo 4,000 hivi. Vya majuma yaliyofuata ikavisingizia homa ya mafua. Wataalamu waliohesabu upya baadaye walipata kama 12,000.

Wala si kifua peke yake kilichoua. Baridi hubana mishipa, moyo ukataabika kusukuma damu. Nayo masizi laini yakiingia mapafuni huifanya damu igande upesi. Mzee mwenye moyo dhaifu atastahimilije yote mawili?

Sheria ya hewa safi ilitungwa mwaka 1956, lakini jiji halikuacha makaa kwa siku moja: Desemba 1962 ukungu ulirudi, ukaua mamia.