Makaa na Upepo: Juu ya Jiko la Mhunzi, Tangu Pwani ya Kale hata Temeke

Kazi ya chuma ina vitenzi viwili visivyofaa kuchanganywa. Kuyeyusha ni kukitoa chuma katika mawe yake. Kufua ni kukipiga chuma kilichokwisha kupatikana, hali kimewaka moto. Kazi ya kwanza imekoma kuwa riziki ya watu katika nchi hizi. Ya pili ingali hai, hata katika viwanja vya nyumba vya Temeke na vitongoji vingine vya Dar es Salaam. Fundi atakaye kujijengea jiko la uhunzi nyumbani kwake huuliza kwanza juu ya makaa: ni yapi yaliyo bora? Historia ya uhunzi yaonyesha kwamba swali hilo ni nusu tu. Makaa hayachaguliwi peke yake; huchaguliwa pamoja na upepo.

Ukale wa kazi hii karibu na Dar es Salaam hauna shaka. Huko Limbo, kusini ya mji, Felix Chami alichimbua mabaki ya uyeyushaji wa chuma ya karne za kwanza baada ya Kristo. Kaskazini yake, Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154, aliwataja watu wa Malindi kuwa wenye machimbo ya chuma na kwamba bidhaa hiyo ndiyo iliyowaletea faida kubwa kabisa.

Moto wa kuyeyusha wahitaji upepo mwingi, na wahunzi wa bara waliupata kwa njia mbalimbali. Huko Buhaya mabomba ya udongo yalisukumwa ndani ya tanuri, upepo ukapata joto kabla ya kuyafikia makaa. Jambo hilo lilielezwa na Peter Schmidt na Donald Avery mwaka 1978. Huko Ufipa palijengwa matanuri marefu, yaitwayo malungu, yaliyovuta upepo yenyewe kwa matundu ya chini pasipo mtu kuvukuta. Ndipo chuma kikapelekwa katika tanuri dogo la mivukuto kwa kusafishwa.

Mhunzi wa pwani alitumia mvukuto wa ngozi ya mbuzi. Mdomo wa mfuko huo ulishonewa vijiti viwili, mkono ukavifungua ili hewa iingie, kisha ukavifunga na kukandamiza. Mifuko ilikuwa miwili, mmoja ukijaa mwingine ukitoa, hata upepo usikatike. Mbele yake palikuwa na kewa, yaani bomba la udongo wa kuchomwa lililoikinga ngozi isiunguzwe na moto. Fuawe, nyundo na koleo vilitimiza kiwanda. Chombo hiki chafaa sana kwa makaa ya miti, maana makaa hayo ni mepesi: yataka upepo wa taratibu, na yakipulizwa kwa nguvu hurusha cheche na kuteketea bure.

Katika karne ya 19 chuma cha kuletwa kutoka ng'ambo kilizidi katika masoko, na baada ya reli iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905 kufika Kigoma mwaka 1914, kilipata njia nyepesi ya kuingia bara. Uyeyushaji ukafifia. Mhunzi akabaki kufua vipande vikuukuu, kama anavyofua leo springi za magari. Kazi hiyo haihitaji kuyafikia joto la digrii 1,538, ambalo chuma huyeyuka. Yamtosha joto la kiasi cha 900 hata 1,200, yaani tangu wekundu hata umanjano, na zaidi kidogo akitaka kutia weko.

Kwa kazi hiyo makaa ya miti yangali mazuri. Hayana kiberiti cha kuharibu chuma, huwashwa upesi, na hupatikana kila mtaa. Ya mpingo ni makali mno. Ya vifuu vya nazi pia ni mazito na yenye joto jingi. Sharti lake ni jiko lenye kina, ili upepo uishe kuliwa na makaa kabla ya kukigusa chuma. Lisipokuwa hivyo chuma hubabuka. Rimu kuukuu ya gurudumu la gari, ikikandikwa udongo mweupe wa vilima vya Pugu, ustahimilio moto, yatosha kuwa jiko.

Lakini makaa hayo yana deni. Katika matanuri ya udongo ya wachomaji, gunia moja hula kuni zenye uzito wa mara tano hata mara kumi. Misitu ya Pugu, Kazimzumbwi na Vikindu, iliyo jirani na mji, imelipa sehemu kubwa ya deni hilo. Mwaka 2006 Serikali ilipiga marufuku biashara ya makaa kwa muda mfupi, kisha ikailegeza.

Makaa ya mawe, yachimbwayo Kiwira na Ngaka, yana joto la kudumu, lakini yataka upepo wenye nguvu wa feni, na wavu wa chuma chini yake. Moshi wake wa mwanzo una kiberiti. Mahali ambapo madirisha ya jirani yako hatua chache tu, kama Temeke, moshi huo ni ugomvi. Gesi ya mitungi haina moshi wala majivu, na joto lake huongozwa kwa kizibo. Hata hivyo yataka chumba kidogo cha matofali ya kustahimili moto, na mahali pa wazi penye hewa, kwa kuwa hewa yake chafu huua bila harufu.

Kwa hiyo, kwa fundi mwenye uwanja mdogo na kazi chache, jiko lenye kina la makaa ya miti na upepo wa taratibu lingali chaguo la busara. Mwenye kazi ya kila siku hana budi kuiangalia gesi, kwa ajili ya misitu na kwa ajili ya jirani.

Uchaguzi huo wagusa lugha pia. Feni imekwisha kuuondoa mvukuto katika viwanda vingi, na jiko la gesi halina nafasi ya kewa. Maneno hayo yakibaki katika kamusi tu, yatakuwa majina yasiyo na vitu. Walakini jiko la gesi, livutalo hewa lenyewe kwa nguvu ya mkondo wake, halikuvumbua jambo geni kabisa. Wafipa walikwisha kujenga matanuri yaliyojivutia upepo. Yafaa basi maneno ya wahunzi yaandikwe pamoja na matumizi yake, wangali wako wazee walioishika mivukuto kwa mikono yao.