Kipendano: kikundi cha wamama kinavyokua kuwa umoja

Kipendano ni jina la umoja wa wamama wa Kanisa la Methodisti la Muungano huku Kongo. Kasongo na Kabambare, kama kwingine, unaanzia chini: wamama wa kanisa moja wanakutana kila juma, wanaomba, wanasoma Neno, wanatembelea wagonjwa. Wengine wanaongeza likelemba, kila mmoja akipokea kwa zamu.

Wamama Wamethodisti walianza hivyo zamani pia. Mwezi wa tatu 1869, siku ya mvua, wanawake 8 walikutana kanisani Boston, Marekani. Walipanga kila mwanachama atoe senti 2 kwa juma pamoja na sala. Mwaka ule ule walituma India mwalimu Isabella Thoburn na daktari Clara Swain. Viongozi wa misheni, wanaume, walitaka fedha zipitie kwao. Wanawake walikataa.

Hapo ndipo sisi wachungaji tunakosea. Tunakaa na daftari la wamama, na Konferensi ikituhamisha, kikundi kinalala. Mimi nilikaa nalo miaka miwili. Nilipolirudisha, mweka hazina alianza kwa kusahihisha hesabu yangu! Miezi michache baadaye, yeye na wenzake walienda kufundisha kijiji cha pili.

Mama anayeijua kazi hii anaibeba popote. Vita vikitawanya watu, kama kule Salamabila, hahitaji jengo wala mchungaji ili kuanza tena mahali alipokimbilia. Anahitaji wenzake watano na daftari.