Sajini Leakey wa Keya na Wenzake Watatu

Katika vita vya mwaka 1939 hata 1945, jeshi la King's African Rifles, ambalo watu wetu waliliita Keya kwa kufuata herufi tatu za jina lake, lilipata Msalaba wa Victoria mmoja tu. Nishani hiyo ndiyo kubwa kuliko zote za ushujaa katika majeshi ya Uingereza. Aliyeipata alikuwa Sajini Nigel Gray Leakey, naye hakuivaa, kwa kuwa alikuwa amekwisha kufa. Twapenda kuieleza habari yake kwa taratibu, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo wengi huliruka wanapolisimulia.

Leakey alizaliwa Kiganjo, karibu na Nyeri, mwaka 1913. Alikuwa wa ukoo mmoja na Louis Leakey, yule mchimbuaji wa mifupa ya kale katika bonde la Olduvai. Alisomeshwa Uingereza, kisha akarudi Kenya. Vita vilipotokea aliingia jeshini, akawekwa katika batalioni iliyoitwa ya Kwanza ya Sita. Batalioni hiyo ilikuwa ya Tanganyika. Asili ya Sita ni katika vita vya kwanza, ilipoundwa pamoja na askari waliokuwa zamani wa Wadachi. Na uhuru ulipofika mwaka 1961, Sita ndiyo iliyogeuzwa kuwa kikosi cha kwanza cha Tanganyika Rifles. Basi askari waliomzunguka Leakey siku ya kufa kwake walikuwa watu wa Keya ya Tanganyika, na habari hii ni yetu pia, wala si ya ukoo mmoja wa Kenya tu.

Italia iliingia vitani mwezi wa Juni, 1940. Mwanzo wa mwaka 1941 majeshi yaliyotoka Kenya yalivuka mpaka wa Somalia. Mogadishu ilitwaliwa Februari, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Mfalme Haile Selassie aliingia tena katika mji wake tarehe 5 Mei. Walakini vita havikuisha. Kusini mwa Uhabeshi limo bonde lenye maziwa mengi, ambalo ni mwendelezo wa bonde lile lile lipitalo Naivasha na Manyara, na humo Waitalia walikuwa wangali na jeshi kubwa. Mvua zilikuwa nyingi, na njia zimegeuka matope.

Tarehe 19 Mei kombania mbili za Kwanza ya Sita zilivuka mto Bilate mahali paitwapo Colito, adui wakiwapiga kwa nguvu. Zikashika ng'ambo kipande kidogo cha ardhi, bila mizinga ya kuzisaidia. Leakey alikuwa akiwasaidia wavukao kwa mzinga mdogo wa inchi tatu, ule utupao makombora juu, mpaka makombora yakamwishia. Ndipo vifaru vya Waitalia vikatokea porini ghafula, wala hapana aliyevitazamia. Askari wa miguu hawana la kufanya mbele ya gari la chuma, nao walikuwa karibu kukanyagwa wote.

Leakey alirukia juu ya kifaru kimoja kilichokuja kwa nyuma, akaufungua mfuniko kwa nguvu, akampiga kwa bastola mkuu wake na waliokuwa naye, isipokuwa mwendeshaji, ambaye alimlazimisha kukipeleka mafichoni. Akajaribu kuutumia mzinga wa kifaru kile, usilie. Basi akashuka, akapaza sauti kwamba atavifuata vilivyobaki kwa miguu. Viwili vikapita. Akaupanda wa tatu, akaufungua, akamwua mtu mmoja ndani. Na hapo kifaru cha nne kikampiga kwa bombomu, akaanguka. Alikuwa na umri wa miaka 28. Shambulio lile la vifaru likavunjika, na siku tatu baadaye, tarehe 22, mji wa Soddu ulitwaliwa.

Mwili wake haukuonekana. Jina lake limeandikwa Nairobi, katika ukumbusho wa wale wa vita vya Somalia na Uhabeshi wasio na kaburi lijulikanalo. Nishani ilitangazwa mwezi wa Novemba, 1945, miaka minne na zaidi baada ya kufa kwake.

Sasa twataka wasomaji walisome tangazo hilo kwa makini. Lasema kwamba aliposhuka kuvifuata vifaru hakwenda peke yake. Alifuatana na sajini meja mmoja Mwafrika wa kombania, na askari wengine wawili, wakavinyatia pamoja. Neno lililotumika huko kwa Kiingereza ni la wawindaji, na kunyatia kwetu ni vivyo hivyo. Na kwa kuwa askari wetu walilipa gari lile jina la mnyama, kwa ngozi yake ngumu na kwa desturi yake ya kushambulia akiwa ameinamisha kichwa, maneno yenyewe yanatuonyesha picha: watu wanne wawinda vifaru katika uwanja mtupu, risasi zikipita.

Lakini wa watu wanne hao tangazo lamtaja mmoja kwa jina lake na kwa nambari yake. Watatu wametajwa kwa vyeo tu. Wala mwishoni, linaposema kwamba tendo lile alilifanya peke yake, haliwakumbuki tena watu ambao mistari michache juu limesema walikuwa pamoja naye.

Kusema hivi si kumpunguzia Leakey sifa yake. Aliyerukia vifaru ni yeye, na aliyekufa juu ya kifaru ni yeye. Lakini aliyemfuata hakuwa na mfuniko wa chuma mbele yake wala nyuma yake, na hakulazimishwa na tangazo lolote la nishani. Wazee wetu husema kidole kimoja hakivunji chawa. Mwalimu asimuliaye habari za Colito na aseme watu wanne. Na kwa kuwa karibu wazee wote wa Keya wamekwisha kututoka, yafaa kila mwalimu awaulize watoto na wajukuu wao, ayaandike majina wayakumbukayo, kabla hayajapotea nayo.