Ruhusa Haisafiri na Faili

Miaka michache iliyopita nilikuwa na folda moja kwenye laptopu yangu ambayo sikutaka mtu mwingine aifungue. Ndani yake mlikuwa na mahojiano na mtu aliyenipa habari kwa sharti moja tu: jina lake lisijulikane. Laptopu ilikuwa ya Linux, na mambo yake nilikuwa nayajua kidogo, kwa hiyo folda niliipa ruhusa ya 700 na mafaili yaliyomo 600. Maana yake ni mimi tu. Nikalala usingizi.

Baadaye nikahitaji kuchapa kurasa chache ofisini. Nikanakili folda kwenye flashi, nikaichomeka kwenye kompyuta ya Windows tunayoitumia wote, nikaihamishia kwenye folda ya pamoja, nikachapa, nikasahau kuifuta. Kesho yake mwenzangu akaniuliza, bila ubaya wowote, habari za mtu yule. Akamtaja kwa jina.

Kwa muda nilimlaumu Windows. Lakini Windows haikuvunja kitu. Ulinzi wangu haukuwahi kutoka ndani ya laptopu, na sababu yake inaturudisha nyuma miaka sitini na zaidi.

Mwaka 1961, pale chuo cha MIT huko Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo wa CTSS, ulioruhusu watu kadhaa kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Kompyuta enzi hizo ilikuwa kubwa na ghali, hakuna aliyekuwa na ya kwake. Mkishakuwa wengi kwenye chombo kimoja, lazima swali litokee: hiki cha nani? CTSS ikawa na nywila, na kila mtu na mafaili yake. Corbató mwenyewe alisimulia baadaye jinsi siku moja kila aliyeingia kwenye mfumo alivyokaribishwa na orodha nzima ya nywila za watu wote. Programu ya kuhariri ilitumia jina moja lisilobadilika kwa faili la muda, kwa kudhani kwamba hawawezi kuwa wawili katika folda moja. Wasimamizi wawili wakawa humo pamoja, mmoja akihariri tangazo la siku, mwingine faili la nywila. Yakabadilishana nafasi.

Kutoka hapo ukazaliwa mradi wa Multics, ambao kila faili lilikuwa na orodha ya nani anaruhusiwa kufanya nini. Maabara ya Bell ilikuwa mshirika, ikajitoa mwaka 1969. Ken Thompson na Dennis Ritchie, waliobaki hapo Bell bila mfumo walioupenda, wakatengeneza wa kwao kwenye mashine ndogo ya PDP-7. Ndiyo Unix. Orodha ndefu za Multics hawakuzichukua. Mwongozo wao wa kwanza, wa mwaka 1971, unajua watu wa aina mbili tu: mwenye faili na asiye mwenyewe. Kikundi kiliongezwa baadaye, na hapo ndipo tukapata mafungu matatu tunayoyajua leo, yaani mwenyewe, kikundi na wengineo. Kila fungu lina kusoma, kuandika na kuendesha. Kusoma ni 4, kuandika 2, kuendesha 1; jumlisha, unapata 644 au 755. Biti tisa tu, na zimedumu nusu karne.

Upande wa pili wa historia hii ulianza mezani kwa mtu mmoja. Gary Kildall alipoandika CP/M mwaka 1974, na IBM ilipotoa PC yake mwaka 1981 ikiendeshwa na mfumo wa Microsoft, kompyuta ilikuwa ya aliyekaa mbele yake. Umuulize nani mwenyewe, na yuko peke yake? Kwa hiyo FAT, mpangilio wa diski wa MS-DOS, hauna kabisa nafasi ya kuandika mmiliki. Una alama chache: faili la kusoma tu, faili lililofichwa, faili la mfumo, faili linalosubiri nakala ya akiba. Hiyo ya "kusoma tu" isikudanganye. Ni kibao cha HAKUNA NJIA kwenye kiwanja kisicho na ukuta. Yeyote anaweza kuking'oa.

Microsoft waliliona pengo. Windows NT ya mwaka 1993, iliyoongozwa na Dave Cutler aliyetoka kampuni ya DEC, ilikuja na NTFS na orodha za ruhusa zenye maelezo mengi kuliko biti tisa za Unix. Kwa watu wengi wa nyumbani ilibidi wangoje Windows XP mwaka 2001. Ila flashi, hadi leo, nyingi bado zina FAT au ndugu yake exFAT, kwa sababu ndiyo lugha ambayo mashine zote zinaielewa.

Hapo ndipo folda yangu ilipopotelea. Zile 700 na 600 zilifika kwenye flashi zikakosa pa kukaa. Nilipoinakili kwenye Windows, mafaili yakarithi ruhusa za folda ya pamoja yalimoingia. Na hata kama flashi ingekuwa na mpangilio wa Linux, diski haiandiki jina langu. Inaandika namba, mara nyingi 1000, ambayo mifumo mingi ya Linux humpa mtumiaji wa kwanza. Kwenye laptopu ya mtu mwingine, 1000 ni yeye! Ni kama barua ya mwenyekiti wa mtaa wenu kuipeleka mtaa ambao hawamjui.

Waliojaribu kujenga daraja walilazimika kubuni. Ninayempenda zaidi ni Andrew Tridgell, aliyeanzisha Samba huko Canberra mwanzoni mwa miaka ya 1990, ili seva za Unix ziongee na kompyuta za Microsoft. Zile alama za DOS angeziweka wapi? DOS haikuwa na kazi na ruhusa ya kuendesha, basi Samba ikaazima nafasi zake: alama ya akiba ikaingia kwenye "kuendesha" ya mwenyewe, ya mfumo kwa kikundi, ya kufichwa kwa wengineo. Ndiyo maana barua ya kawaida iliyotoka Windows iliweza kuonekana kwenye Unix kana kwamba ni programu. Ukiliona hilo bila kujua chanzo chake utadhani una kirusi. Git, ya mwaka 2005, ilichoka mapema: kwa faili la kawaida inakumbuka jambo moja tu, linaendeshwa au haliendeshwi. Mengine mtajuana wenyewe.

Siku hizi faili la namna ile nalisimba kwanza kwa nywila ndipo lipande kwenye flashi, kwa maana hapo kufuli liko ndani ya faili lenyewe. Siku ile nilimpigia mtu wangu nikamweleza. Hakugomba. Aliuliza tu nani mwingine ameisoma, na nikabaki na simu sikioni, kwa sababu kompyuta ile haikuwa imeandika popote nani alifungua nini.