Maikrokontrola za umeme mdogo (Rumonge na mwambao wa Tanganyika)

Maikrokontrola ya umeme mdogo ni kompyuta nzima ndani ya chipu moja: kichakataji, kumbukumbu, saa na pini za kupokea na kutoa ishara. Imeundwa ifanye kazi kwa umeme kidogo sana na ilale kila isipohitajika. Katika mwambao wa Burundi, kuanzia Bujumbura hadi Rumonge na Nyanza-Lac, mtu hainunui kwa jina lake. Hufika sokoni ikiwa ndani ya vidhibiti chaji vya sola, redio, chaja za simu na baadhi ya taa za LED.

Mazingira

Rumonge iko kilomita zipatazo 70 kusini mwa Bujumbura na inajulikana kwa mawese na uvuvi. Mwaka 2015 ilitengwa na Bururi ikawa mkoa, hadi mikoa ilipopangwa upya mwaka 2025. Uvuvi wa ndagala na mukeke hufanyika usiku, kwa mwanga. Zamani mwanga huo ulikuwa moto wa kuni na samaki walichotwa kwa lusenga, wavu wa kuchotea. Miaka ya 1950 zilienea karabai na katamarani zenye wavu wa kupandisha, na baadaye zikaja zile kubwa ziitwazo Apollo. Taa za LED zenye betri zimeingia baada ya hapo, na pamoja nazo suala ambalo karabai haikuwa nalo: betri isimamiwe na nani?

Mbalamwezi ikiwaka samaki hawakusanyiki kwenye taa, hivyo kila mwezi taa hupumzika siku kadhaa.

Udhibiti wa umeme

Umeme unaoliwa na chipu hupanda kwa kadiri ya kasi ya saa yake, na hupanda kwa mraba wa volti. Hapo ndipo penye faida kubwa. ATtiny85, chipu ya pini nane yenye kilobaiti 8 za programu na baiti 512 za kumbukumbu ya kazi, hula takriban miliampea 5 ikiendeshwa kwa megahezi 8 na volti 5. Ikishushwa hadi megahezi 1 na volti 2, hula takriban miliampea 0.3. Kazi ya kusoma volti za betri haihitaji zaidi ya hapo.

Hatua inayofuata ni usingizi, nao una ngazi. Katika usingizi mwepesi kichakataji husimama, lakini saa na vipima muda huendelea. Katika usingizi mzito saa kuu huzimwa na chipu hiyohiyo hubaki na takriban mikroampea 0.1, yaani sehemu moja ya kumi ya milioni moja ya ampea. Huamshwa na kitufe au na mlinzi wa ndani, kipima muda ambacho kazi yake nyingine ni kuiwasha upya programu iliyokwama. Mlinzi huyo anaweza kuiamsha kila baada ya sekunde 8, ingawa akiwa macho naye huongeza mikroampea chache. Chipu huamka, hupima, huamua, hulala tena, na yote hayo huchukua milisekunde chache.

Kipo pia kilinda volti, kinachoizuia chipu isifanye kazi umeme unaposhuka mno na kuandika upuuzi kwenye kumbukumbu. Chenyewe hula mikroampea zipatazo 20, mara nyingi zaidi ya chipu iliyolala, na mafundi wengi hukisahau.

Mwanga hupunguzwa kwa kuwasha na kuzima LED mamia ya mara kwa sekunde, na jicho huona mwanga hafifu usiotikisika. Taa ya wati 10 ikiwaka saa 8 hula watisaa 80. Betri ya risasi ya volti 12 na ampeasaa 7 ina watisaa 84 tu, na haifai kutumiwa zaidi ya nusu ikitakiwa idumu. Mwanga ukishushwa hadi nusu, betri moja ya aina hiyo inatosha usiku mzima bila kuumia.

Kukata kwa wakati

Kidhibiti cha kawaida hukata taa betri inapofika volti 11 hivi na hakiirudishi mpaka zifike 12.6 hivi. Pengo hilo ni la lazima. Taa ikizimwa, volti za betri hupanda zenyewe kidogo. Bila pengo taa ingewaka na kuzima usiku kucha.

Ziwa likifungwa

Hapa ndipo usingizi wa chipu unapoonyesha thamani yake yote. Nchi za ziwa zimekubaliana kusimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na utaratibu huo umeshaanza kutekelezwa. Hizo ni siku 92, saa 2,208. Betri ikiachwa ndani bila paneli huku kidhibiti kikila miliampea 5, zitaondoka ampeasaa 11, na betri ya ampeasaa 7 itakuwa imekufa kabla ya Agosti. Kidhibiti kinachokula mikroampea 5 kingetumia miliampeasaa 11 kwa muda uleule. Betri isingejua kama kipo.

Mara nyingi lawama si ya chipu. Regyuleta ya 7805, kipande kinachoshusha volti za betri ziifae chipu na maarufu kwa bei yake nafuu, hula miliampea 5 hivi hata isipolisha kitu. Chipu inaweza kulala fofofo huku jirani yake akimaliza betri. Zipo regyuleta zinazokula mikroampea chache tu, na mtengenezaji anayechagua 7805 kwa kifaa cha betri anamtwisha mvuvi gharama ambayo haioni siku ya kununua. Unyevu wa ziwani ukitua juu ya saketi isiyopakwa kinga huongeza uvujaji mwingine.

Aina nyingine

MSP430 ya Texas Instruments ni ya biti 16. Familia ya PIC ni ya Microchip, kampuni iliyoinunua Atmel, waundaji wa ATtiny, mwaka 2016.

Kupima

Fundi huzima taa, hufunika paneli, hukata waya chanya wa betri na kuweka mita katikati, akianza na kipimo cha ampea, kisha miliampea. Ikisoma 5, anaitafuta regyuleta. Ikisoma sifuri, anahamia mikroampea.