Hesabu: Mlango ambao watu wazima hubisha tena

Ukipanda ngazi za majumba ya katikati ya jiji la Nairobi, kuanzia Moi Avenue hadi Tom Mboya Street, hukosi kuona bango la chuo kinachofundisha hesabu za kidato cha nne kwa watu waliokwisha kumaliza shule. Masomo huanza jioni, watu wakitoka kazini. Wanafunzi ni makarani, mabawabu, mafundi na akina mama ambao baadaye watapanda matatu kurudi Kangemi au Kawangware. Wenyewe huiita kozi hiyo 'brijingi'. Wengi wao hawakuanguka mtihani mzima. Waliangushwa na hesabu tu.

Mama mmoja muuza mboga aliwahi kuniambia: "Mwalimu, mimi hesabu najua. Ni karatasi tu ilinikataa." Ni rahisi kuicheka kauli hiyo. Hata hivyo, ukiipitia historia ya mtihani huu humu nchini, utaona ina uzito.

Si jambo geni kwa Mkenya mzima kurudia hesabu za sekondari. Baada ya uhuru, shule za msingi ziliongezeka haraka kuliko walimu waliohitimu. Waliosimama mbele ya darasa wengi wao walikuwa wa daraja la P3, na elimu yao ya sekondari ilikuwa ndogo au haikuwepo kabisa. Ili kupanda hadi P2, mwalimu alihitaji kufaulu mtihani wa kidato cha pili. Angeachaje darasa lake arudi shuleni?

Jibu lilitoka Kikuyu, magharibi mwa Nairobi, mahali panapojulikana zaidi kwa shule ya Alliance iliyoanzishwa mwaka wa 1926. Mnamo 1967, Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilianzisha huko kitengo cha masomo kwa njia ya posta. Marekani ilisaidia kwa fedha na wataalamu. Hisabati ilikuwa miongoni mwa masomo yaliyotolewa. Mwalimu alipokea vitabu vya masomo kwa posta, akasikiliza vipindi vya redio kupitia Sauti ya Kenya, akafanya zoezi usiku kwa taa ya chemni ikibidi, kisha akalituma Kikuyu. Mkufunzi alilisahihisha, akaandika maelezo na kulirudisha. Wakati wa likizo, baadhi yao walikutana ana kwa ana na wakufunzi.

Mpango huo ulikuwa na dosari zake. Barua zilichelewa, na wapo waliokata tamaa katikati ya safari. Lakini ulitambua jambo moja muhimu: kwamba mtu mzima anayekosea hesabu anahitaji mtu wa kulisoma kosa lake.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara aliuza redio kwa Sh4,600 akapata faida ya asilimia 15. Aliinunua kwa pesa ngapi? Wengi watatafuta asilimia 15 ya 4,600, wapate 690, waitoe, wabaki na 3,910. Jibu hilo si sahihi. Faida huhesabiwa kwa bei ya kununulia, si ya kuuzia. Kwa hivyo 4,600 ni asilimia 115 ya bei hiyo, na jibu ni Sh4,000. Aliyeandika 3,910 anajua kuzidisha, kugawanya na kutoa. Alichokosea ni kusoma. Hakujiuliza: asilimia 15 ya nini? Tena swali lenyewe huja kwa Kiingereza, lugha ambayo yule mama haitumii sokoni. Ukimwekea alama ya mkasi na kuendelea na ukurasa unaofuata, atarudia kosa lilo hilo mwaka ujao. Ukimwandikia pambizoni, "ya nini?", huenda asilirudie tena.

Pamoja na hayo, mlango wenyewe haukutulia mahali pamoja. Katika miaka ya 1960 na 1970, shule zetu zilifundisha ile iliyoitwa 'hesabu mpya', iliyojaa nadharia ya seti. Mnamo 1981, Rais Daniel arap Moi aliamuru iondolewe. Mitihani iliyokuwa chini ya baraza la Afrika Mashariki ilikuwa imehamia kwa Baraza la Mitihani la Kitaifa (KNEC), lililoundwa 1980. Mfumo wa 8-4-4 ukaanza 1985, na KCSE ikafanywa kwa mara ya kwanza 1989. Aliyeacha shule katika enzi moja akarudia mtihani katika nyingine alikuta silabasi nyingine mezani. Hakuwa amesahau tu. Mengine hakuwahi kufundishwa.

Wala uzito wa somo haujapungua. Tangu 2023, gredi ya jumla ya KCSE hukokotolewa kwa hisabati, lugha moja na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vyema zaidi. Masomo mengine unaweza kuyakwepa, hesabu huikwepi. Katika mtaala mpya wa umilisi, ilipendekezwa kwanza kwamba somo hili liwe la hiari katika sekondari ya juu. Umma ukalalamika, na mnamo 2025 serikali ikatangaza kwamba litakuwa la lazima kwa wote, likiwa na matoleo mawili: moja la wanaofuata sayansi na jingine jepesi zaidi la wengine.

Mimi sipingi hatua hiyo. Taifa lisilojua asilimia litaibiwa na kila mkopeshaji wa simu. Ninachouliza ni nani atambebaye anayebaki nje. Mwaka wa 1967 umma ulibeba sehemu ya mzigo huo: chuo kikuu, redio ya taifa na posta. Leo yule mama ananunua nafasi yake ya pili kwa pesa za mboga, ghorofani mjini, na mara nyingine anapewa cheti cha chuo ambacho si cha KNEC na ambacho si kila taasisi itakikubali. Basi kabla ya kulipa, na aulize mambo mawili: cheti hiki kitatambuliwa na nani, na makosa yangu yatasomwa na nani?

Swali la kwanza wengi hujifunza kuliuliza baada ya kuchomeka. La pili, walimu wa Kikuyu walilijibu kwa kalamu nyekundu zaidi ya nusu karne iliyopita. Sioni kwa nini tushindwe kulijibu sasa, ilhali karibu kila mwanafunzi wa jioni ana simu mkononi.